KIBAO CHA KIJANI HAKISAFISHI MFONGO

Umezuka mtindo katika miteremko ya Kilimanjaro, na hasa huko Marangu, wa wenye nyumba za wageni kutundika mlangoni kibao kinachotangaza kwamba nyumba yao ni "rafiki wa mazingira". Kibao hupakwa rangi ya kijani, kikachorwa jani na kilele cha Kibo, na chini yake yakaandikwa maneno matamu ya kumkaribisha mtalii. Mgeni ashukapo garini hukiona, akafurahi, akapiga picha. Laiti mgeni huyo angezunguka nyuma ya jiko! Mara nyingi angekuta huko mrundo wa kuni mbichi, shimo la chupa za plastiki linalofuka moshi, na bomba la maji ya sabuni linaloteremka kwenda mfongoni.

Hapana budi jambo hili lisemwe waziwazi. Wako wenye nyumba waaminifu wanaotenda zaidi ya wanavyotangaza, nao wanastahili heshima ya kila mwananchi. Lakini wako pia wanaotangaza wasiyoyatenda, na maneno haya yanawahusu hao. Kinachobishaniwa hapa si rangi ya kibao wala uzuri wa bustani ya maua. Kinachobishaniwa ni maji ya mtu anayeishi chini ya nyumba ya wageni, kuni za jirani yake, na msitu unaowatunza wote wawili.

MAJI YANA WENYEWE

Wenyeji husimulia kwamba jina lenyewe la Marangu hubeba maana ya wingi wa maji. Maporomoko ya Kinukamori na Kilasiya, ambayo watalii huyalipia kiingilio ili wayatazame, ni sehemu ya utajiri huo. Hata hivyo, maji ya mlimani hayakujipeleka yenyewe mashambani. Wachagga wa kale walichimba mifongo, yaani mifereji inayochepusha maji ya kijito huko juu korongoni na kuyaongoza pole pole kandokando ya kilima hadi kwenye vihamba. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, bila vyombo vya kisasa vya kupimia, na wageni wa Kizungu waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia.

Mfongo haukuwa mfereji mtupu. Ulikuwa na sheria zake. Ukoo uliouchimba ulikuwa na haki yake, jirani aliyekaribishwa kuutumia alikuwa na zamu yake, na wote kwa pamoja walikuwa na wajibu wa kutoka kwenda kwenye msaragambo kuzoa matope na kujenga upya kingo zilizobomolewa na mvua. Asiyefika kazini alitozwa faini au alinyimwa zamu. Aliyeyachafua maji alihesabiwa kuwa amewakosea wote walio chini yake.

Marangu ilianza kupokea wageni wa mlima kabla haijajengwa hoteli yoyote. Mwaka 1889, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller, ambao ndio wa kwanza kuandikwa kuwa wamefika kilele cha Kibo, walipokewa hapo na Mangi Marealle. Mgeni wa siku zile aliingia chini ya utaratibu wa mwenyeji. Leo mambo yamepinduliwa. Nyumba ya wageni huchukua maji usiku na mchana bila kungoja zamu. Siku ya msaragambo mwenyewe haonekani wala hatumi mtu. Na jioni huyarudisha maji yakiwa na povu. Kisha huyo huyo ndiye anayejiita rafiki wa mazingira! Urafiki gani huo usiomjua jirani?

Ni vema ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo haikusema "isipokuwa mbele ya mto pana mandhari nzuri ya kumfurahisha mtalii". Wala maji ya Marangu hayaishii Marangu. Huteremka kuelekea Himo na tambarare, yakaingia katika mfumo wa Mto Pangani, yakasaidia kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho yakafika Bahari ya Hindi. Anayeyachafua huko juu anawachafulia watu wa wilaya na mikoa asiyopata kuwaona.

UDOGO SI KINGA

Akiambiwa hayo, mwenye nyumba ya wageni hujibu upesi: "Mimi ni mtu mdogo. Nina vyumba sita tu. Waulizeni wenye mahoteli makubwa." Hoja hii inapendwa sana, na ndiyo inayopasa kung'olewa mapema, maana ina sura ya unyenyekevu na ndani yake mna ukwepaji.

Hebu hesabu ifanywe. Nyumba ya vyumba sita ikijaa ina wageni 12. Kila mgeni akisimama chini ya bomba la mvua kwa dakika 10, na bomba likitoa lita 9 kwa dakika, nyumba hiyo itakuwa imemwaga lita 1,080 kabla ya kifungua kinywa. Hizo ni ndoo 54 za lita 20. Mama wa kijijini anayeteka maji kwa kichwa angelazimika kushuka mtoni na kupanda mara 54 ili apate maji ambayo wageni 12 wameyamaliza katika kuoga mara moja tu. Vyoo vya kuvuta havijahesabiwa, wala mashuka, wala jiko.

Au hesabu ihamie kwenye chupa. Kila mmoja wa wageni hao 12 akipewa chupa nne za maji kwa siku, zitatupwa chupa 48. Kwa mwezi wa siku 30 ni chupa 1,440, kutoka nyumba moja "ndogo". Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na wananchi wakaitii amri hiyo wakarudi kwenye vikapu. Chupa hazikuguswa na marufuku ile. Kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro zinawataka wanaopanda mlima washuke na taka zao, na wapagazi huzibeba mgongoni hadi chini. Je, zikishapita lango zinakwenda wapi? Ikiwa zinaishia katika shimo la moto nyuma ya nyumba ya wageni, basi jasho la mpagazi limepotea bure. Uchafu umehamishwa tu kutoka mlimani kwa watalii ukapelekwa kijijini kwa watoto.

Wapo wanaojificha hata nyuma ya maagizo ya serikali. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mwenye vyumba sita husikia idadi hiyo akashusha pumzi, kana kwamba moshi wa jiko lake una ruhusa maalumu. Agizo limeanza na wakubwa kwa sababu ni lazima lianze mahali; halikuwahalalishia wadogo uharibifu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nyumba ndogo za wageni zimeongezeka kando ya barabara ya kwenda lango la Marangu, na wadogo wengi wakijumlishwa ni mkubwa mmoja asiye na jina, asiyekaguliwa na yeyote.

MSITU NDIO TANGI

Watu wengi, wageni kwa wenyeji, huililia theluji ya Kibo. Wana sababu. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85. Lakini kuililia theluji kumekuwa njia nyepesi ya kutoutazama msitu. Sehemu kubwa ya maji ya mito na mifongo hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, wala si barafu ya kileleni. Hakuna mwenye nyumba ya wageni awezaye kuirudisha barafu. Kila mmoja wao anaweza kuacha kuuchoma msitu.

Na msitu umechomwa. Katika mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu wa akiba, ili wananchi wapate humo kuni na mbao bila kuugusa msitu wenyewe. Watu waliongezeka, miti haikuongezeka. Mwaka 1984 ukataji wa miti ya asili ulipigwa marufuku. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001, na matokeo yake kutolewa mwaka 2002, ulionyesha mikulo ikiendelea kuangushwa kwa siri na matanuri ya mkaa yakifuka ndani ya msitu. Mwaka 2005 msitu wa akiba uliingizwa katika hifadhi ya taifa, na kukata mti humo ni kosa.

Sasa na aulizwe mwenye nyumba ya wageni: kuni zinazochemsha pipa la maji ya kuogea wageni wake zimetoka wapi? Atajibu kwamba amezinunua. Naam, amezinunua, lakini aliyemwuzia alizikata wapi? Mkaa wa gunia hauna cheti cha kuzaliwa. Mwananchi maskini akikamatwa na mzigo wa kuni za msituni hufikishwa mbele ya sheria, na mtalii akioga maji yaliyochemshwa kwa kuni za msitu huo huo, nyumba hupata sifa ya "mazingira ya asili". Haki haiwezi kuwa na macho mawili yanayotazama pande mbili.

HADITHI YA TAULO

Ulaghai huu haukuzaliwa Marangu. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika kuzikosoa hoteli zilizokuwa zikiwaomba wageni watumie taulo ile ile zaidi ya siku moja, ati kwa ajili ya kuokoa dunia, ilhali lengo halisi lilikuwa kupunguza gharama za dobi, na katika mambo mengine uharibifu uliendelea kama kawaida. Tangu hapo dunia imejifunza kuutambua udanganyifu wa kujipaka kijani.

Karatasi hiyo ya taulo imekwisha kuvuka bahari na kutua katika vyumba vya Marangu. Kutumia taulo siku mbili si kosa. Ni jambo jema. Kosa ni kulifanya jambo dogo kuwa pazia la kufunikia kubwa. Mgeni anaombwa asiifue taulo, na wakati huo huo mashuka ya nyumba nzima yanafuliwa kando ya kijito kwa sabuni ya unga. Mgeni anasifiwa kwa kuokoa ndoo moja, na tangi la choo linavuja usiku kucha bila fundi kuitwa.

SHULE IKO KIHAMBANI

Linalosikitisha zaidi ni kasumba ya kudhani kwamba utunzaji wa mazingira ni elimu iliyoletwa na wageni kwa ndege. Mwenye nyumba ya wageni wa Marangu husafiri hadi mjini kusikiliza semina ya mazingira, naye amelala kila siku katikati ya chuo kikuu cha mazingira asichokiona. Chuo hicho ni kihamba.

Katika kihamba, mringaringa na mruka husimama juu na kutoa kivuli. Chini yake ipo migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hufungwa zizini, akala majani ya migomba na nyasi zilizokatwa, na samadi yake ikarudi kwenye migomba. Takataka haina nafasi humo, kwa sababu kila kinachotoka mahali pamoja kina mahali pengine pa kwenda. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo huo, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu wilayani Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Dunia inakuja kujifunza. Mwenyeji anang'oa kahawa ili apate mahali pa kuegesha magari!

Nyumba ya wageni ikiendeshwa kama kihamba, mambo mengi yatajipanga yenyewe. Mabaki ya chakula yatakwenda kwa ng'ombe na kwenye mboji. Samadi ya ng'ombe wawili watatu, ikichanganywa na maji kiasi sawa na kumiminwa katika mtambo wa chini ya ardhi, itatoa gesi ya kupikia, na tope linalobaki litarutubisha migomba kuliko samadi mbichi. Teknolojia hiyo si ngeni: kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikiieneza tangu miaka ya 1980. Maji ya kuogea na kufulia yatapitishwa kwanza katika shimo la kunasa mafuta, kisha katika changarawe na mchanga, ndipo yaifikie migomba. Maji ya choo yataishia katika karo lililojengwa sawasawa, mbali na mto, wala hayataonja mfongo kamwe.

Na mezani je? Hapo ndipo kasumba inapovua nguo. Marangu iko katikati ya nchi ya kahawa. Jirani yake Kilema ni miongoni mwa mahali ambapo wamisionari walianza kupanda mibuni kabla ya karne ya 20, na chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa tangu mwaka 1933. Walakini, mgeni huamka asubuhi akaletewa kahawa ya unga ya kopo kutoka ng'ambo, na maji ya matunda ya boksi, huku maparachichi yakioza chini ya miti na buni ikikosa bei. Kila kopo na kila boksi limesafirishwa kwa mafuta ya dizeli kupanda mlima, na ganda lake litachomwa nyuma ya jiko. Mtori, machalari, maziwa ya zizini na kahawa iliyokaangwa nyumbani haviachi ganda lolote, na fedha yake hulala kijijini.

GHARAMA NI NENO LA KUJIFICHIA

Silaha ya mwisho ya wapinzani ni gharama. Husema kwamba mambo haya ni ya matajiri. Basi na watazame Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Ni kisiwa cha matumbawe kisicho na mto. Katika miaka ya 1990 zilijengwa huko nyumba saba tu za wageni, ambazo maji yake ni ya mvua inayonaswa na paa, umeme wake ni wa jua, vyoo vyake hugeuza kinyesi kuwa mboji bila kuvuta maji, na maji ya kuogea huchujwa kabla ya kuachwa kwenye bustani. Ni kweli kwamba wageni wa Chumbe hulipa ghali. Lakini ughali huo hautokani na paa kunasa mvua; mvua haitozi nauli.

Marangu hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita za mraba 150 hupokea, kwa milimita 1,000, lita 150,000. Zikitolewa moja ya tano zinazopotea, hubaki 120,000. Kwa mgeni anayetumia lita 100 kwa siku, hayo ni maji ya siku 1,200 za mgeni mmoja. Kweli, tangi moja dogo haliwezi kuihifadhi masika yote hadi kiangazi. Lakini kila lita inayotoka pani ni lita iliyoachwa mfongoni, na tangi la pili linaweza kununuliwa kwa fedha iliyokusudiwa kuongeza taa za urembo. Vivyo hivyo mtambo wa kupasha maji kwa jua: siku za mawingu ya Juni na Julai utahitaji kusaidiwa na gesi, na kwa miezi mingine utalipunguzia kuni lile pipa lenye njaa. Chujio la maji na mtungi wa udongo vitaziondoa zile chupa 1,440.

Kwa hakika, ghali ni uchafu. Ni vile tu bili yake hailetwi kwa mwenye nyumba. Hupelekwa kwa jirani wa chini, ambaye hulipa kwa homa ya matumbo ya mwanawe na kwa safari ndefu ya kutafuta maji safi. Kuchuma faida huku hasara ukimtwisha mwingine, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, ni unyonyaji.

HATUA ZICHUKULIWE

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha za wahisani wala wataalamu wa kigeni. Kila nyumba ya wageni inayotumia maji ya mfongo iandikwe katika orodha ya watumiaji, ipewe zamu, na itoe watu wa msaragambo kama kaya nyingine. Tena, kwa kuwa hutumia zaidi, itoe zaidi. Wazee wa mfongo wapewe haki ya kuingia uani na kutazama bomba la maji machafu linaelekea wapi. Afisa anayetoa leseni asitosheke na sebule na vitanda. Aanze ukaguzi wake nyuma ya jiko. Halmashauri ya kijiji iwe na neno kabla kihamba hakijageuzwa uwanja wa magari. Nao mawakala wanaoleta wageni kutoka Moshi na Arusha waache kuuliza kama nyumba ina kibao, waulize kama ina karo, chujio na tangi la mvua.

Mgeni naye asidhaniwe kuwa adui. Mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita kuja kuutazama mlima hatakasirika akipewa ndoo moja ya maji ya moto na kuelezwa sababu. Atakayekasirika kwa hilo ni afadhali akalale kwingine.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenye nyumba ya wageni apone. Walisema mwenyeji, na mwenyeji wa Marangu ni pamoja na yule mama wa chini ya mfongo, ambaye hana chumba cha kupangisha wala kibao cha kutundika. Akiteka maji asubuhi yakawa safi, nyumba iliyo juu yake itakuwa imestahili jina la rafiki wa mazingira, hata kama haijaandika neno lolote mlangoni. Akiteka povu, kibao kile na kishushwe.